Sauti ya Chini

Ukuta wa chumba changu ni mwembamba kama uwongo wa mtoto.
Upande wa pili, kila Alhamisi, saa mbili usiku,
wanaume watatu huimba bila ala:
Nugzari fundi saa,
Tamazi aliyeendesha basi la umeme hadi Kutaisi ilipong'oa nyaya zake,
na Gurami, ambaye ngazini hunipita kimya
kama mtu aliyekwisha kutumia maneno yake ya siku.

Sikuwataka. Nilikuwa na riwaya.
Nilikuwa na Valiko, mhasibu wa kiwanda cha chai,
anayeiba sukari kijiko kwa kijiko,
na mke wake anayejua, ananyamaza.
Nikatia pamba masikioni. Nikafungulia redio.

Redio ikaniharibia mtu.
Ilipopigwa piano, Valiko alianza kutembea kwa madaha,
akishuka ngazi za kiwanda kana kwamba kaalikwa dansini.
Zilipopigwa ngoma, ukurasa mzima ulikimbia,
hata bibi mwenye goti bovu, hata paka.
Asubuhi nikasoma, nikaona aibu:
lile lilikuwa jasho la mpiga ngoma, si langu.

Basi nikajaribu kimya.
Kimya kina kelele zake, nani asiyejua?
Friji. Mto Rioni ukisaga mawe chini ya daraja.
Na marehemu mama, ambaye hakuwahi kusoma kitabu changu,
akikikosoa.

Nikarudi kwa hao wa ukutani, kwa kushindwa tu.
Nugzari huanza. Sauti yake nyembamba hutangulia
kama mwenye taa.
Tamazi humfuata, humpinga kidogo, wakagombana, wakapatana.
Halafu Gurami.
Gurami haimbi neno. Ana irabu moja, "ooo",
kaishika kama mtu anayeshikilia ngazi
ili mwingine apande kuziba paa.
Hakuna anayemtazama mshika ngazi.
Jaribu kumwondoa.

Miezi mitano niliandika juu ya ile "ooo".
Sura ya nane ilikuja hivyo, ya tisa, ya kumi na mbili,
chai ikipoa na kuota utando pembeni.
Nusu ya nyimbo zile ni maneno ya kale
ambayo hata wao waimbaji hawayajui maana.

Februari, Alhamisi moja, kimya.
Ya pili, kimya.
Kisha viatu vingi vikapanda ngazi, mikate ikapanda, mitungi ya divai,
kifuniko cha jeneza kikaegemezwa mlangoni,
nami nikasimama na maua sita,
maana kwetu hesabu shufwa ni ya wafu.

Alhamisi ya nane wakaimba wawili.
Hawakuziba pengo.
Hawakupandisha sauti, hawakumwita mpwa wa mtu.
Walipofika mahali pake, walivuta pumzi, wakampisha,
kisha wakaendelea
kama watu wanaovuka daraja lililong'oka ubao mmoja
na miguu inakumbuka ni upi.

Nami mezani nilikuwa na sura ya kumi na tisa,
kurasa nne za mke wa Valiko akieleza kwa nini anaondoka.
Alieleza vizuri, maskini. Nilimpa hata methali.
Nikazikata zote nne.
Akachukua koti. Akaacha kijiko mezani, kifudifudi.
Chini yake nikaacha mstari mmoja mtupu,
mkono ukiniwasha kutaka kuujaza.

Jana Nugzari kabisha hodi, kofia mkononi.
"Jirani, tunakusumbua? Nasikia unaandika."
"Mno," nikamwambia.
Akainamisha kichwa.
"Basi Alhamisi ijayo anzeni saa moja.
Ikifika saa mbili huwa nimeshachoka kuwasubiri."