Miti Iliyosimama

Umeniuliza, Tuponile, nilisomaje.
Kwanza nilisoma vibaya; liandike hilo mstari wa juu.
Mara mbili nilipanda basi kwenda Iringa na kalamu nne mfukoni,
mara mbili nikarudi Mafinga na upungufu wa alama tatu.
Alama tatu ni nini?
Ni sentensi moja niliyoijua nikaiacha njiani
kwa sababu saa ya ukutani ilikimbia kuliko mkono wangu.

Nilikuwa napaka kitabu rangi ya njano
ukurasa kwa ukurasa, kama fundi na ukuta,
nikidhani kilichong'aa kimeingia kichwani.
Hakikuingia. Funga kitabu.
Chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka,
uone aibu peke yako saa kumi alfajiri
kuliko kuiona mbele ya msimamizi.

Julai hapa usijidai shujaa.
Vaa makoti mawili, washa jiko la maranda,
lakini dirisha liache wazi kidogo:
maranda yana usingizi wake, na si ule unaoutaka.
Nyuma ya nyumba msumeno wa Kihwele huanza saa kumi na mbili.
Ukisikia unalia, maliza swali ulilonalo, ukaoge,
ukahesabu mbao za watu mpaka jioni.

Mitihani ya nyuma ifanye kwa saa,
bila chai, bila simu, bila kuchungulia majibu.
Swali linalokushinda lipe daftari lake.
Langu lilikuwa na jalada la twiga, likanenepa
kuliko madaftari yote niliyowahi kuwa nayo.
Wiki ya mwisho sikufungua kitu kingine.

Na usichoweza kumweleza mama yako, bado hukijui.
Mimi kodi iliyoahirishwa ilinitesa miezi miwili.
Nikamfuata mama kwenye mianzi, anakata ncha, anatega mbeta,
nikamweleza mara tatu. Ya tatu akacheka:
"Kumbe ni deni la ulanzi ulionywewa leo,
na mnywaji kasema atalipa mvua zikirudi."
Si jibu zima. Lakini deni nililiona,
limekaa juu ya kigoda, likifuta midomo.

Sasa lile ambalo hukuliuliza.
Sura ya mali hai inasema mti uliosimama
una bei leo, kabla shoka halijaugusa:
kadiria utakachopata mwaka wa kukata,
kirudishe nyuma kwa riba, mwaka mmoja mmoja,
mpaka kisimame hapo ulipo wewe.
Baba alikuwa na ekari mbili za mipaini kule Igowole,
aliipanda mwaka nilioanza darasa la kwanza.
Aliiuza mwaka wa kumi na tatu, ingali michanga,
kwa bei ya kuni, ili nilipe ada ya chuo.

Usiku mmoja nikifanya mazoezi nilichukua namba zake.
Nikarudisha nyuma kwa asilimia kumi na mbili,
kisha kumi na tano, kisha ishirini,
nikitafuta riba itakayomwondolea baba hasara.
Sikuipata.
Jiko lilizimika, nami nikaendelea kutafuta.

Mara ya tatu nilifaulu. Nikampigia simu.
Akasema vizuri, kisha akauliza
kama mvua huku Mafinga imekolea.
Kesho yake, mama anasema, aliamkia kwenye visiki
na miche mia mbili ndani ya viriba.

Ile tofauti sijaifuta.
Iko kwenye daftari la twiga, ukurasa wa mwisho,
katika akaunti ya kusubiri,
na tarehe ya kuifunga nimeiacha wazi.

Daftari nitakuletea Jumapili baada ya ibada.
Tumia kurasa zote, chora, kata, andika juu yangu.
Ule wa mwisho usiuguse.