Ndoo ya Urve

Saa tano usiku, mvua ya Aprili,
barabara ya kiwanda cha mbao, nje kidogo ya Põlva.
Urve, karani mstaafu wa posta,
kavaa koti la kumetameta lililomzidi mabega,
anaokota vyura mmoja mmoja
kama aliyezoea kupanga barua:
huyu ng'ambo, huyu ng'ambo,
huyu kachelewa.

Mwezi uliopita tulipeleka saini mia nne halmashauri,
njia ifungwe wiki tatu tu, usiku tu.
Walitusikiliza kama ng'ombe amsikilizavyo chura:
huku wakinywa.

Basi, ndoo.

Mimi ndiyo siku yangu ya pili ya kujitolea.
Nilikuja kuiokoa dunia,
nikakabidhiwa daftari na kalamu ya risasi.

Lori linapita na magogo yake.
Tunabana ukingoni, hakuna anayesema.
Urve anainama na tochi lamini,
anakawia.

“Waliovuka, mia moja na tisa. Andika.”

Na safu ya pili?

Anapangusa miwani kwa kidole gumba.
“Kumi na saba.
Bonyeza kalamu, isifutike.”