Kabla ya Kupanda

Araali aliletwa kwa lori la majani ya chai,
Jumanne, mvua ikinyesha upande mmoja tu wa barabara.
Alishuka kinyumenyume, kama mgeni aliyesahau mzigo.
Mtaa mzima wa Kabundaire ukatoka.

"Analima?"
Halimi.
"Analiwa?"
Haliwi.
"Basi ni wa kazi gani, Abwooli?"
Nikasema: wa raha.
Neno likaning'inia hewani, halina pa kutua.
Miaka thelathini na minne ya wodi ya wazazi
hakuna aliyewahi kunisikia nikilitamka.

Aliyeniuzia, akiwa anafunga shamba lake kule Kyenjojo,
aliniandikia orodha nyuma ya risiti ya dizeli:
hatamu, lijamu, tandiko, mshipi wa tumbo, vikuku viwili,
na chini kabisa, mwandiko umeshachoka:
ndoo nyingi kuliko unavyodhani.

Alisema kweli.
Ndoo ya maji, ndoo ya pumba, ndoo ya kuogeshea,
na ndoo ya kukanyagwa, maana lazima moja ikanyagwe.
Ya tano niliinunua baada ya ile ya kwanza
kupigwa teke ikaenda kulala kwa jirani.

Tandiko lilitoka Kampala, la mkono wa tatu,
ngozi imekakamaa kama uso wa karani siku ya mshahara.
Nililikanda kwa mafuta siku nne;
usiku wa nne likaanza kuitikia.
Mshipi ulikuwa umeoza. Mugenyi, fundi viatu,
akaupima kwa shubiri, akaniuliza bila kucheka,
hilo tumbo ni la miezi mingapi?
Akaushona kwa uzi wa mipira ya miguu.

Ndoano ya kusafishia kwato haiuzwi mji huu.
Isingoma wa gereji aliifua kwa springi ya pikapu,
mpini akauzungushia mpira wa tairi.
Chumvi ya jiwe ilitoka Katwe, ya rangi ya fizi.
Araali ameilamba mpaka imeota shingo.

Dawa ya kupe, ya minyoo, ya kidonda:
hapo sikuhitaji mwalimu, sindano naijua.
Kofia ngumu nilinunua mpya.
Kichwa hakina mtumba.

Na lijamu, asubuhi za hapa, mlima ukituma baridi yake,
nililitia kwapani kwanza lipate joto.
Hilo halikuwa kwenye orodha.
Nililijua tangu zamani: chuma cha baridi
hakimgusi kiumbe anayeogopa.

Orodha ikatimia. Sikupanda.
Mwezi mzima, kisha wa pili,
nilitembea naye kando, kamba mkononi,
tukipita katikati ya chai hadi mto Mpanga na kurudi.
Vijana wa bodaboda wakafa kwa kicheko:
"Abwooli! Umenunua gari, unalisukuma!"

Magoti, wanangu. Kikuku kilining'inia juu
kuliko magoti yangu yalivyokuwa tayari kujadiliana.

Halafu hospitali ikauza vyombo vyake vikuukuu:
vitanda visivyo na gurudumu, mizani inayodanganya,
na kigoda cha ngazi mbili, bati limechubuka katikati.
Nilikitambua kwa yale machubuko.
Hapo ndipo walipokanyaga, mmoja mmoja, usiku wa manane,
kupanda kitanda changu cha kuzalia,
nami nikiwashika kiwiko, nikisema, taratibu, mama, taratibu.
Nilikilipia shilingi elfu nane.

Jana nilikiweka kwenye nyasi, ubavuni mwa Araali.
Alikinusa, akapuliza pua, akanigeuzia sikio moja.
Mguu wa kushoto, ngazi ya kwanza.
Ngazi ya pili.
Ukimya mtaa mzima, hata pikipiki zimezimwa.
Nikashika manyoya ya shingo yake
na nikasikia kijana mmoja, Mungu ambariki,
akipaza sauti kutoka barabarani:
"Sukuma, mama! Sukuma!"