Nyongeza

Umesema nikujazie zile zinazopigwa kila mahali.
Nimejaza. Mia mbili na arobaini,
unazijua zote, nazo zimeshakuzoea.
Lakini hapa Uyole hakuna anayeuza kavukavu:
mwenye nyanya anatupia mbili juu ya fungu,
mwenye viazi anashona lumbesa mpaka gunia linaota kichwa,
nami nina nyimbo tatu za nyongeza.
Usizilipie.
Usizifute kabla hujafika Makambako.

Ya kwanza ni ya Atupakisye, wa kule Isyonje.
Karekodi kwa simu, ghalani, amekalia viroba vya mbegu.
Mvua ikaingia ubeti wa pili,
ikapiga bati kama iliyoalikwa.
Wenzake wakamwambia: acha, subiri ikatike.
Isyonje hiyo! Asubiri mpaka lini?
Akapandisha sauti, akaendelea.
Utasikia anapanda, mvua nayo inapanda,
na mahali fulani, nyuma ya ukuta, mbuzi.
Mbuzi simtetei.

Ya pili imetoka Jumatatu, bado ina moto.
Ni Gwakisa na mtoto wa mama yake mdogo,
gitaa moja, nyuzi tano,
wa sita ni waya wa breki ya baiskeli.
Hawa hawajui kumaliza wimbo.
Unafika mlangoni, unaaga,
unakumbuka habari nyingine, unarudi kukaa.
Mara ya kwanza nilikereka.
Mara ya nne chai yangu ilipoa
na kwa baridi hii ya Julai
chai haipoi bure.

Ya tatu sitaisema sana.
Ni ya kijana wa Makete, Ilomo, hataki picha yake iwekwe.
Anaimba Kikinga. Mimi, mtoto wa Rungwe,
nilichoelewa ni pale anapokohoa.
Nikampigia kumuuliza maana.
Akasema: ni majina ya nyumba zilizofungwa kufuli kijijini,
kuanzia mtoni kupanda.
Redioni walimwambia alete kitu cha kuchezeka.
Nimeiweka mwisho kabisa. Ukiwa na abiria, iruke.
Ukiwa peke yako, uamue mwenyewe.

Ulicheka. Ukasema, dada, mimi ni mtu wa usiku,
nataka za kuniamsha, si za kunihubiria.
Ukanipa elfu mbili, ukapanda,
na ukungu ukameza taa zako nyekundu
moja, halafu nyingine.

Ulirudi siku ya kumi na moja.
Hukusalimu.
Ukasimama pale kwenye chaja za watu, kofia mkononi:
Kitonga, ukasema, saa tisa mchana, jua la kukausha samli,
nimewasha waipa.

Nikakutazama.

Nimewasha waipa, dada, kwa ajili ya yule mwanamke wako!
Utingo kanicheka mpaka Ruaha Mbuyuni.
Ukanyamaza, ukachezea kofia.
Na ile ya mwisho?
Ile niliisikiliza Igawa, nimezima injini.
Kwetu pia zipo, ukasema. Za kufuli.
Hukuongeza, nami sikuuliza.

Ukatoa kadi nyingine, tupu:
safari hii niwekee nyongeza peke yake.
Nikakwambia nyongeza haina duka lake, ndugu yangu;
ziko tatu, na ya nne inangoja
Gwakisa auze maharage anunue uzi wa kweli
(ingawa mimi, ukiniuliza, naupenda ule wa breki).
Nikakuandikia namba nyuma ya kasha la kiberiti.

Jioni, nafunga kibanda, Atupakisye akapiga.
Nani huyu Sekinyaga, kanitumia elfu tano?
Nikamwambia: hiyo ni ya mvua.
Kimya. Nikasikia bati lake likidondoka matone,
na pumzi yake, na sufuria ikiburutwa kukinga.
Kisha akauliza,
na ya mbuzi je?