Fahali Arobaini, Mtungi Mmoja

Fahali wawili hawakai zizi moja, husema wasemao.
Hawajaufunua mtungi wangu.
Humu wamo arobaini, bega kwa bega,
kila mmoja ndani ya mrija mwembamba kuliko bua la ngano,
hana pembe, hana kwato, hana wa kumpiga kumbo.
Nusu yao walishachinjwa.
Hawajaambiwa.

Siku ya tano meli haijatia gati Velas.
Bahari imesimama wima baina yetu na Terceira,
na naitrojeni yetu iko upande wa pili,
imekwama bandarini kama mgeni asiye na viza.
Asubuhi na jioni nazamisha rula ya mbao,
nahesabu hadi kumi, naitoa, naipunga hewani,
nasubiri mstari mweupe wa jalidi uniambie kilichobaki.
Juzi sentimita tisa.
Jana saba.
Leo nimepima mara mbili, nikidhani rula inanisingizia:
nne na ushei.

Baridi nayo huvuja, asikudanganye mtu.
Haimwagiki, hailoweshi sakafu;
hupanda tu shingoni mwa mtungi na kwenda zake,
kama mtu aondokaye karamuni bila kuaga.

Saa mbili usiku simu. Gualter Brum, wa Rosais.
"Mimosa anapandwa na wenzake tangu alfajiri, anasimama tuli.
Na safari hii nataka mbegu ya Trovão."

Trovão. Jina lenyewe ni ngurumo.
Alizaliwa kwa Gualter, bandani mwa mawe meusi,
akauzwa kituo cha madume, akatoa mbegu miaka minne,
akavunjika nyonga siku ya utelezi.
Kisiwa kizima kimebaki na mirija yake miwili.
Daftarini nimeipigia mstari mwekundu:
isiguswe.

Isiguswe mpaka lini,
kwa sentimita nne?

Nikaupakia mtungi kiti cha mbele, nikaufunga mkanda.
Ukungu. Haidrenjia zilizonyauka kando ya njia.
Gualter kashika mkia, hanitazami.
Maji chupani: nyuzi thelathini na saba, nimepima, nimepima tena.
Nauinua mrija kwa kibano, mvuke unanilamba kifundo,
na kuanzia hapo hakuna kughairi:
kilichoyeyuka hakirudi kulala.
Sekunde arobaini.
Nimewahi kuombea maiti kwa muda mfupi kuliko huo.

Naufuta, naukata ncha, nauchomeka bombani,
naliweka bomba kifuani, ndani ya sweta,
lisipigwe na upepo.
Kisha mkono wa kushoto umo ndani ya ng'ombe, umepita kiwiko,
unaipapasa shingo ngumu ya kizazi
kama mtu atafutaye swichi gizani
katika nyumba aliyoizoea.
Mimosa anacheua. Kwake haya si makubwa.

"Na ule mwingine?" Gualter anauliza, akinimiminia maji ya kunawa.
"Unangoja meli."
"Sote," anasema, na kuzima taa ya zizi.

Meli iliingia siku ya saba, ubavu mmoja una kutu mpya.
Nilipomimina, mtungi ulifoka, ukachemka, ukatulia.
Rula: ishirini na sita.
Mrija wa pili wa Trovão nimeurudisha chini kabisa.
Huenda u hai. Huenda jalidi ilishaumaliza
usiku ule wa sentimita mbili, ambao sikumsimulia mtu.
Sina namna ya kujua ila kuuyeyusha,
na nikiuyeyusha, sina tena cha kujua.

Zimebaki siku za kuhesabu.
Ng'ombe asiyeshika atarudi kwenye joto wiki ya tatu,
atalia, atawapanda wenzake, na sisi tutakuwa tumeula wa chuya.
Kwa hiyo tunakingojea kitu kisitokee,
kazi ngumu ajabu kwa macho.

Siku ya ishirini na moja, kabla ya jua, simu.
Gualter ananong'ona, kana kwamba Mimosa ataghadhibika akisikia:
"Amelala tu. Nimemtazama usiku kucha.
Deolinda, hafanyi lolote.
Hafanyi lolote kabisa."