Kinga

Leo, darasa la sita, niliomba maneno
ya mtu asiyeguswa.

Thembo akasema: jiwe.
Nikaandika jiwe, ingawa mawe ya hapa Katwe
hulambwa na ng'ombe mpaka yakapungua.
Msichana wa dirishani: mkavu wa macho.
Mwingine akaanza, sikio la kufa,
wakamalizia wote kwa kelele, halisikii dawa!
na kengele ikalia wasiisikie.

Sikuwapa ya kwangu.

Sugu, mtoto wa kusugua.
Nimeiona kisiginoni mwa mama,
Kabugho, miaka thelathini
ndani ya maji ya chumvi hadi mapajani.
Ganzi ina adabu kidogo: huaga, kisha hurudi
sisimizi kwa sisimizi.
Ya mama haikurudi. Mwaka ule wa kipande cha chupa
mimi ndiye niliyeiona damu
ikitambaa juu ya chumvi, waridi, karibu nzuri.
Yeye akauliza, "Ya nani?"

Habari ya baba ilipofika kutoka Kasindi
alikuwa anakwangua.
Akamaliza kukwangua.
Msibani walinong'ona: butu.
Shangazi alisema: baridi.
Mimi, wa miaka kumi na miwili,
nilisema neno ambalo sitaliandika ubaoni.

Jioni wingu limeteremka kutoka Rwenzori.
Matone ya kwanza yanatoboa vidimbwi,
wiki sita za jua zinarudi kuwa maji,
na majirani wanakimbia na maturubai, wanalaani,
mmoja ameketi tu kwenye tope.
Mama yuko mlangoni
kama anayesoma tangazo la mtu mwingine.
Sugu, nikamwita, moyoni, sijui mara ya ngapi.

Ndipo akageuka: "Kinga!"

Nikashika mwavuli.
Kiswahili chake ni cha madereva wa Kongo,
cha bei na mizani,
hakina muda wa maana mbili.
Akaninyang'anya mwavuli, akanisukumia beseni.
"Kinga! Maji matamu hayo!"

Tukakinga beseni, tukakinga sufuria,
jerikeni lililokatwa shingo,
na mwisho, kutoka juu ya kabati,
kikombe cha baba, cha bati, chenye vumbi lake,
ambacho nyumba nzima hatujakigusa.

Alikitoa nje mwenyewe.
Hakukiweka chini. Alikishika hapo,
mkono wote mvuani,
akingoja kijae.