Thelathini na Sita na Nusu

Jumanne na Ijumaa, siku za soko,
nilisimama Mpondwe chini ya hema la turubai
na kile kidude cheupe mkononi,
nikilenga mapaji ya nyuso.
Tulikiita bunduki. Watoto wakafumba macho
kabla hakijalia.
Kikalia tii, namba ikawaka,
nami nikaitangaza kama karani wa bahati nasibu:
thelathini na sita na nusu. Pita.

Maji ya klorini yalitubabua vidole.
Yalikuja magari meupe, na glavu kwa makasha,
na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni,
na chai ya saa nne, ya maziwa.
Sikuwahi kunywa chai ya serikali kabla ya ugonjwa ule.
Tulifanya kazi, sisemi uongo.
Ng'ambo ya mto Lhubiriha watu walizikwa ndani ya mifuko,
na mifuko ile haikufika mtaani kwetu.
Naliweka hili mbele,
asije mtu akadhani nalitukana hema.

Ithungu alivusha chumvi ya Katwe,
kiroba kichwani, mkono mmoja tu ukikishika,
ndala ya kushoto ameikata kisigino
ili kidonda kipate hewa.
"Masereka," aliniita, "hicho kidude chako
kinapima na mguu?"
Tukacheka, foleni nzima.
Nikalenga paji. Thelathini na sita na tatu.
Pita, mama.

Ilikuwa sukari. Jina la ugonjwa alilijua,
na kadi alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya kitenge.
Kituoni alikwenda mara tatu.
Mara ya kwanza vijiti vya kupimia vimekwisha.
Mara ya pili dawa.
Mara ya tatu mlango umefungwa, nesi hayupo:
nesi alikuwa hapa, hemani, ubavuni pangu,
akinawisha watu mikono.

Kabugho, nesi huyo, alimwona akichechemea.
Akaanza kuinuka. Akaketi tena.
Foleni ilikuwa imefika darajani.

Fomu yetu ilikuwa na visanduku kumi na kimoja:
homa, kutapika, kutokwa damu,
umemzika nani, ulimgusa, lini.
Mguu haukuwa na kisanduku.
Nikaandika pembeni kwa penseli: kidonda, wiki ya sita.
Jioni msimamizi akanirudishia. Usichafue fomu.
Hakuwa mtu mbaya;
alikuwa na fomu mia nne na kurunzi inayofifia.

Kisha Ijumaa ikaja na chumvi bila Ithungu.
Chumvi ilikuja na Mbambu, mjukuu wake, sare ya shule mwilini,
na siku ile ilikuwa ya mtihani.
"Bibi yuko hospitali. Wamemkata hapa,"
akapitisha ukingo wa kiganja chini ya goti
kama aonyeshaye mwuzaji
muwa ukatwe wapi.
Kulipa, waliuza kahawa ya mteremko mzima
ingali maua.
Mnunuzi alijua. Wanunuzi hujua nyumba ipi ina mgonjwa.

Mbambu: thelathini na saba kamili.
Nikapima tena. Alikuwa amekimbia.
Pita.

Miezi minne baadaye,
hema limepauka, chai imekuwa ya rangi,
akaja yeye mwenyewe
juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono,
viroba viwili nyuma badala ya kimoja.
"Sasa nabeba zaidi," akasema, na ilikuwa kweli.
Akasimamisha. Akainua kidevu, akafumba macho
kama walivyozoea wote.

Thelathini na sita na nusu.

Nilisimama na namba ile hadi ikazimika yenyewe.
Nyuma wakaanza kupiga miluzi.
"Masereka, mwanangu," akasema bado amefumba,
"nimepona?"

Kabugho alikuwa anahesabu glavu. Alirudia kuzihesabu.
Kijana wa pampu akainama,
akanyunyizia klorini magurudumu, moja moja, yote matatu,
bila kuruka hata moja,
kama tulivyofundishwa.